Helmeti ya Kilonzo

Lami iliishia nyuma yake, na Muthoki akashusha gia, akaingia kwenye barabara ya vumbi jekundu asiyoijua. Alikuwa ametoka Ikutha alfajiri, akavuka mto Athi, akapita Kibwezi na kubanana na malori ya barabara kuu mpaka Emali, na kutoka hapo alikuwa akienda kwa kuuliza. Kila aliyemuuliza alinyoosha mkono kuelekea vilima vya Kalamba, kisha akabaki akiikodolea macho pikipiki: kubwa, ya kijivu, masanduku ya bati kando zote mbili, na juu yake mwanamke mmoja mwembamba.

Alikuwa kwenye mteremko wa mwisho, michungwa kushoto na matuta ya pojo kulia, helmeti yake ilipolia. Mlio mdogo tu. Kisha ile sauti ya mwanamke wa kigeni, iliyotiwa mle na watengenezaji, ikamwambia kwa upole kwamba mwenzake amepatikana.

Muthoki alifunga breki katikati ya barabara.

Mwenzake alikuwa mmoja tu duniani. Vifaa vile vya kuongelea vilinunuliwa viwili, kimoja kikakaa ndani ya helmeti yake na kingine ndani ya helmeti ya mume wake, Kilonzo, visisikilizane na mtu mwingine yeyote. Na Kilonzo ndiye aliyekuwa akienda kuzikwa leo, bila mwili, katika boma la mama yake.

Akazima injini. Ndani ya masikio yake mtu alikuwa akipumua, polepole, kama aliyekaa akingoja asemeshwe.

"Kilo?" akasema.

Pumzi ikakatika. Halafu ikaendelea.

Hakuna aliyewahi kuwaelewa Muthoki na Kilonzo pale Ikutha. Yeye aliuza dawa za mifugo, mumewe alichimba visima, na kila walipopata likizo walifunga hema juu ya pikipiki wakaondoka. "Mmefiwa huko Tanzania?" majirani waliwauliza. "Hapana, tunatembea tu." "Kutembea tu? Na hakuna mgonjwa?" Wako watu wanaosafiri ili waseme walifika. Hao wawili walisafiri ili waongee. Nyumbani kulikuwa na wateja na simu na kazi za kanisa, lakini barabarani, yeye nyuma na mumewe mbele, waliongea ndani ya helmeti mchana kutwa. Waliwahi kubishana kuanzia Dodoma mpaka Iringa juu ya namna ya kupika maharagwe, wakafika wamechoka na bado wanacheka.

Safari ya mwisho iliwafikisha Matema, kusini kabisa mwa Tanzania, ambako milima imeshuka na kusimama ndani ya Ziwa Nyasa. Asubuhi Kilonzo aliacha helmeti juu ya kiti cha pikipiki, akaenda kuoga ziwani. Muthoki alikuwa akichemsha chai. Aliona kichwa chake juu ya maji, akainama kutia majani, akainua macho. Watu wa mitumbwi walitafuta mpaka wakaanza kumwonea haya. Polisi walimpa pole na karatasi. Akarudi mwenyewe na pikipiki, njia yote ile, bila mtu wa kuongea naye.

Kalamba Muthoki hakuwahi kufika. Kabla hawajaoana, Kilonzo aliuza madume mawili ya kulimia aliyoachiwa na baba yake, akanunua pikipiki hii. Siku hiyo mama yake, Mbinya, alisimama getini mbele ya watu akamwambia: "Usikanyage hapa tena mpaka nikuite kwa mdomo wangu." Kwa Wakamba neno la mzazi likisemwa hivyo haliondolewi na mtu mwingine; lina jina lake, kiumo, na watu hulitamka kwa sauti ya chini. Miaka ikapita, Mbinya hakuita. Kisha Kilonzo akaenda majini.

Akawasha injini, akateremka.

Bomani palikuwa na hema la kukodi, viti vya plastiki, sufuria kubwa juu ya mawe. Nyuma ya nyumba, udongo mpya ulikuwa umerundikwa kando ya shimo. Kiema, mdogo wake Kilonzo, mwendesha boda wa soko la Kalamba, alimjia mbio. Yeye ndiye aliyekuja Ikutha kuchukua nguo na helmeti ya kaka yake.

"Shem! Umefika." Akalipigapiga tangi la pikipiki. "Kumbe hawa ndio Mutune na Mwiu. Wamenenepa."

Muthoki alicheka bila kutaka. Mutune mwekundu na Mwiu mweusi: majina ya wale madume aliyajua vizuri sana.

"Kiema, nani ana helmeti ya Kilonzo?"

Kiema aliacha kucheka. "Mathe. Mimi ndiye nilimwonyesha kuichaji kwa sola. Nilidhani ni kumpoza moyo tu. Sasa hatoki ndani."

Mzee Mulwa, mdogo wa marehemu baba yao, alikuwa amewafikia, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote. "Wakya," akamsalimu.

"Aa."

"Jeneza liko tayari. Suti iko ndani, viatu viko ndani. Kichwa hakuna. Tulikubaliana hiyo kofia ya pikipiki ndiyo iwe kichwa, na mama yenu ameivaa tangu asubuhi. Mchungaji ameongea naye mpaka ameenda kunywa chai. Mwambie wewe, wewe ndiye mke."

"Kwani ni lazima leo?"

"Shimo limeshachimbwa, mwanangu. Likilala bure litaita mtu mwingine." Mzee akashusha sauti. "Na mkubwa hapa ni mimi."

Kiema aligeuka pembeni kuficha kicheko.

Ndani kulikuwa na kiza cha nyumba ya bati iliyofungwa madirisha. Mbinya alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha kamba, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyojaa nyufa za shamba, na juu ya kitambaa chake cha kichwa alikuwa amevaa helmeti nyeusi ya mwanawe. Aliinua kioo.

"Funga mlango. Yako usiivue."

Sauti ilimfikia Muthoki mara mbili, moja kutoka kwenye kiti na nyingine katikati ya kichwa chake. Akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda.

"Ni wewe ulisema 'Kilo' saa ile?"

"Ni mimi, mwaitu." Alimwita mama kwa Kikamba, kwa mara ya kwanza. "Na ni wewe ulikuwa ukipumua?"

Mbinya alilipita hilo swali.

"Kila siku namwita," akasema. "Nikishasali, nawasha. Nasema, Kilonzo, rudi nyumbani, nimekuita mimi mwenyewe. Nasikia tu anapumua. Hajibu. Amenikasirikia?"

"Kilo hakuwa mtu wa hasira."

"Alinitaja huko?"

Hili ndilo swali lililomkalia Muthoki kifuani tangu Emali. Angeweza kutunga jibu zuri. Wanawake waliokuwa nje wangelisifu, na mzee Mulwa angepata kichwa chake. Lakini hakuwahi kumwambia mtu uongo kupitia kifaa kile, na hakujua angeuanzaje.

"Jina lako hakulitaja, mwaitu. Lakini kila tulipokuta ng'ombe barabarani alipunguza mwendo. Ng'ombe wa Wamasai, wa Wagogo, wa nani wote, yeye aliwaita Mutune na Mwiu. Aliwasalimu kwa Kikamba, akawauliza kama nyumbani wako salama. Mimi huku nyuma namwambia twende, jua linazama, yeye bado anangoja wajibu."

Ndani ya helmeti ukasikika mlio kama wa mtu anayekohoa. Mbinya alikuwa akicheka.

"Mjinga yule," akasema. "Mwiu hata mimi hakuwa ananisalimu." Kisha kicheko kikamgeukia, na Muthoki akangoja, kwa sababu mtu akilia ndani ya masikio yako huna pa kutazama.

"Hiki kitu kinafika wapi?" Mbinya akauliza baadaye.

"Kufika vipi?"

"Sauti. Ikitoka hapa inakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka kilima kile cha ng'ambo. Kama hakuna kitu katikati."

"Na kule kwenye maji?"

"Kule ni mbali, mwaitu. Ni mwendo wa siku nyingi."

Mbinya akalipima jambo hilo. Mabega yake yakashuka.

"Basi hajakataa," akasema. "Hanisikii tu."

Muthoki alikuwa na maneno ya kumjibu. Alikuwa ameyasikia kanisani na ameyasema mwenyewe kwa wateja wake waliofiwa. Akafungua mdomo, na Mbinya akainua mkono kumzuia. Mama aliivua helmeti, akaiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma, akasogea nyuma mpaka ukutani na kujiziba pua na mdomo kwa leso.

Ndani ya masikio ya Muthoki, pumzi haikukoma.

Akazuia ya kwake. Ile nyingine ikaendelea, polepole, bila haraka ya kwenda popote. Alizijua pumzi zile. Alikuwa amelala kando yake Mbeya, Iringa, Dodoma, kwenye hema lenye tundu.

Mbinya alikuwa akimtazama usoni.

"Umesikia?"

Angeweza kusema ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Nimesikia, mwaitu."

Walipotoka nje watu walisimama kwenye viti vyao. Mbinya alikuwa ameikumbatia helmeti kama mtu aliyebeba kibuyu kilichojaa.

"Leo hatuziki," akasema. "Mtoto wangu nilimfunga kwa neno langu. Hata mkimtia hapo, hawezi kuingia, sijamwita akasikia. Nakwenda kumwita."

"Kwenda wapi?" Mulwa akauliza.

"Tanzania."

"Tanzania! Mbinya, wewe soko la Salama lenyewe ulifika mara ya mwisho kununua jembe!"

"Na nililileta likiwa zima."

"Hiyo unayosikia ni upepo, mke wa ndugu yangu."

"Basi zika upepo, uone kama shimo litajaa."

Wengine walicheka, wakajizuia. Mchungaji, kikombe bado mkononi, alisema kwa upole kwamba Bwana anajua aliko kila mtu. "Bwana anajua," Mbinya akakubali. "Asiyejua ni mimi."

"Nani atakupeleka?" Mulwa akang'aka. "Nani, na hayo magoti?"

Kiema alikwisha kaa juu ya pikipiki kubwa akijaribu vioo vyake. "Nimebeba mbuzi," akasema. "Nimebeba kabati. Nimebeba mgonjwa na dripu yake imening'inia. Mama yangu atanishinda?"

Hivyo shimo lililala na mgomba. Mzee Mulwa aliukata mwenyewe, akautia mle kabla ya jua kuzama, ili lisilale bure, huku mchungaji akitazama upande mwingine, na waliokesha wote wakala chakula cha mazishi bila kujua waseme pole au safari njema.

Jumatatu asubuhi Muthoki alifunga masanduku ya bati kama alivyofundishwa, vizito chini. Alimwonyesha Kiema mahali pa kutia mafuta ya mnyororo, akamweleza mpaka wa Taveta, ni karatasi gani wataombwa, ni sehemu gani baada ya Iringa upepo husukuma kutoka kando. Alimwambia Matema aulize nyumba ya wageni yenye mwembe uliopigwa radi. Alikuwa tayari kwenda nao, kwa basi, kwa namna yoyote. Mbinya alimkatalia.

"Wewe baki hapa. Huenda ameshaondoka kule. Huenda anakuja kwa njia nyingine. Akifika akute mlango umefungwa, na ni mimi niliyemfukuza?"

Muthoki aligeuka akautazama mlango.

"Usiuweke komeo," Mbinya akasema. "Mchana wala usiku. Mbuzi wafungie, mlango acha."

Kisha Kiema akanyoosha mkono, na Muthoki akaelewa anachoombwa. Zilikuwa helmeti mbili, na zilisikilizana zenyewe tu. Aliitazama yake ndani, pale sponji ilipochakaa kwa shavu lake. Tangu Ijumaa aliyofika alikuwa akiivaa hata akitwanga, na mara nyingine Mbinya akiwa shambani na ile nyingine ikiwa peke yake mezani, yeye alikuwa amekaa na yake tu, akisikiliza. Akampa.

"Nitaitunza, shem."

"Usimkatize akiongea," Muthoki akasema, na hakufafanua ni nani.

Mbinya alipanda kwa msaada wa kigoda, leso mbili kiunoni na soksi za kuchezea mpira za marehemu mumewe miguuni. Aliteremsha kioo. Pikipiki ikaguna, ikavuka geti, ikashika mteremko. Mzee Mulwa alisimama kando ya shimo lake akitikisa kichwa, lakini alikuwa amevua kofia.

Kutoka getini barabara ilionekana yote: inashuka mpaka mto mkavu, inapanda kilima cha ng'ambo, inapotea. Muthoki aliwatazama wakivuka mchanga. Aliona mkono wa Mbinya umeinuka na kichwa chake kimerudi nyuma, na akajua ameanza kuita, ijapokuwa hakuna lililofika pale isipokuwa mvumo wa injini.

Katikati ya mpando pikipiki ilisimama.

Kiema aliweka mguu chini. Aligeuka akamtazama mama yake, akainamisha kichwa upande, kama mtu kwenye chumba chenye watu wawili wanaoongea pamoja. Alikaa hivyo kwa muda. Halafu, polepole sana, akasogea mbele kidogo kwenye kiti, na Mbinya naye akasogea mbele, wakabanana kama watu wanaompisha abiria nyuma yao.

Muthoki alijikuta ameinua mkono kwenye sikio lake lililo wazi. Hakusikia kitu. Pikipiki ilianza tena, nzito, kwa gia ya chini, ikafika juu ya kilima na kuteremka upande wa pili, na yeye akabaki amesimama getini na mlango wa nyumba wazi nyuma yake.