Koti Lililoachwa kwa Fundi

Saa moja asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, fundi anapindua mifuko ya suruali mbele ya mteja. Unadondoka ufunguo na leso chafu. Mteja anacheka kwa aibu.

"Ndivyo nilivyofundishwa," anasema fundi. "Asije mtu akasema nimemwibia."

Banda lake linatazamana na ofisi za halmashauri. Kwa siku hupata kama elfu sita, na kwa hizo analea watoto watatu wa marehemu mdogo wake.

Zamani, anasimulia, waombaji wa vibali walimalizana kwa bahasha na maofisa dirishani, mchana kweupe. Wakaguzi wa makao makuu walipoanza kuja bila taarifa, mchezo ukahamia ofisi za kata. Kata nazo zikabandikwa namba ya malalamiko, halmashauri ikafungiwa kamera. Tukapiga makofi, mimi mwandishi mmojawapo.

Kumbe mchezo ulikuwa umevuka barabara tu. Ofisa mmoja alileta koti lishonwe kifungo, mifuko mitupu. Jioni alipolifuata, fundi akapindua mifuko tena, na bahasha zikamwagika mezani.

"Dada, langu usilipekue," ofisa alimnong'oneza. "Litundike tu, watu wangu watalipitia. Kila siku una elfu kumi yako."

Alikubali. "Siku tatu nilizipokea," anasema, macho chini. "Watoto walikula nyama."

Siku ya nne alikuja bibi anayeuza nyanya jirani, anatafuta kibali cha meza yake. Alitumbukiza bahasha mfukoni mwa koti, akasema, "Samahani, mwanangu."

"Hapo nikajiona mchafu. Nikamrudishia yake. Zilizobaki nikazishonea humohumo, mshono wa mara mbili."

Ofisa alipokuja, banda lilikuwa limejaa wateja. Fundi akamwambia mifuko ataifumua mbele yake, kama kwa mteja yeyote. Ofisa akaondoka bila koti.

Wiki iliyofuata banda likapigwa alama nyekundu ya kubomolewa. Sababu: usafi wa mji. Mabanda ya jirani hayakuguswa.

"Mama mkubwa, tutakula nini?" mtoto mdogo alimuuliza. Anapanga kushonea barazani kwake, ambako wateja ni wachache.

Lakini kwanza ana kazi moja ya kukabidhi. Koti bado linaning'inia nyuma yake, mifuko imeshonwa.

"Jumatatu nalipeleka kwa mwenyewe," anasema, akichomeka mkasi mdogo kwenye mkoba. "Dirishani, chini ya kamera. Mifuko nitaifumulia palepale."