Bafle Lilikuwa Nje

Kabla sijafika mbali, mjue kwamba mwenye kosa ni mimi. Nasema mapema kwa sababu wengine wenu mlikuwepo pale Kasenga Jumamosi ile, mmekaa kwenye mabenchi mkitafuna karanga, na mpaka leo nikipita na mtoto mgongoni mnaniuliza kama Mama Giza ameamka vizuri. Ameamka vizuri. Amekula pia. Sasa niacheni nieleze mwenyewe, maana mkieleza nyinyi mnaongeza chumvi, na hadithi hii ina chumvi yake tayari.

Mimi napenda filamu. Wenzangu wa avenue, barabara yetu, wanapenda vitambaa, mimi napenda filamu, tena nazitazama kwa hasira, kama mtu anayemsikiliza shahidi mwongo. Nimeona zile za zamani za karate, ambamo mzee mwenye ndevu nyeupe anamfundisha kijana kupigana kwa kumbebesha ndoo za maji mlimani miaka mitatu, na mwisho kijana anaruka juu ya nyumba. Mimi nabeba bidoni la maji la lita ishirini kichwani tangu nina miaka minane, na hata mfereji wa mbele ya nyumba siwezi kuuruka, kwa hiyo huyo mzee aje atueleze vizuri. Nimeona mpya za mijusi mikubwa inayovunja miji, hizo nazipenda sana, ila mji ukishavunjwa filamu inaisha, hakuna hata mtu mmoja anayeonyeshwa akifagia. Za vita sitazami. Milio ile sisi hapa tumeisikia bure, sioni sababu ya kuilipia.

Lakini zinazonisisimua kuliko zote, na kunikasirisha kuliko zote, ni za mashujaa wenye nguvu, wale wanaume wa nguo za kubana wanaoruka angani. Wakianza kuruka nasahau hata kama nimeacha maharagwe motoni. Kisha nakumbuka. Anakwenda kuokoa dunia, sawa, dunia ina shida. Lakini nyumbani ana mke na mtoto mchanga, na anapotoka kwa dirisha (hawa watu mlango hawaujui) hasemi hata atarudi saa ngapi. Mtoto akishikwa na homa nani atampeleka kituo cha afya? Mume wangu, Baba Asifiwe, haruki, anaendesha pikipiki kati ya Uvira na vijiji vya tambarare, lakini kwa habari ya kutoka bila kuaga ni ndugu yao kabisa.

Sasa, sine yetu. Ni nyumba ya kuonyeshea filamu, ya matofali mabichi na mabati, mabenchi kumi, televisheni kubwa ukutani na pazia mlangoni. Mwenye sine ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, watu wanamwita Redio kwa sababu hanyamazi, na mimi namwita Yaya kwa sababu amenitangulia kuzaliwa. Filamu zinakuja na Kiingereza chao, basi Redio anakaa pembeni na mikro mdomoni, anapunguza sauti ya filamu na kusema yeye maneno ya watu wote, mwanaume, mwanamke, mbwa, hata ndege ya vita. Nusu anatafsiri, nusu anatunga. Mwizi wa filamu anaweza kuulizwa kama ametoka Rugenge, na watu wa Rugenge wanapiga kelele za kujitetea. Ndiyo raha yenyewe. Na ili wapita njia wavutike, ametundika bafle, spika moja kubwa, juu ya mlango, mdomo wake umeelekea barabarani. Kila mtu anajua bafle hilo. Mimi pia nalijua. Kumbukeni nimesema nalijua.

Wiki ile ilikuwa wiki yangu. Nina diploma ya ualimu ambayo imekaa miaka mitatu kwenye sanduku chini ya nepi, na hatimaye shule moja ilinikubali darasa la tatu, nianze Jumatatu, ila mkurugenzi alisema waziwazi kwamba hataki kuona mtoto mgongoni. Asifiwe ana miezi kumi na moja. Mama yangu hayupo tena duniani. Aliyebaki ni mama mkwe, na kweli mama mkwe aliacha mpunga wake Kiringye, akafika Alhamisi na mfuko wa mchele na kuku wawili, aje akae na mjukuu mpaka atembee. Bila yeye hakuna Jumatatu. Hilo nililijua pia.

Tatizo ni kwamba mama mkwe ana mkono wake. Nikiepua sufuria anafunua, anaonja kwenye kiganja, anafunga macho kama anaombea marehemu, kisha anasema, "Chumvi ya mjini iko kali." Si kwamba mimi nimetia nyingi, hapana, ni ya mjini. Nepi nikizikunja anazikunjua, anazikunja upya, hasemi kitu. Afadhali angesema. Mpaka Jumamosi nilikuwa nimemeza siku tatu za kutosemwa, zimekaa hapa kifuani kama mfupa wa samaki.

Jumamosi saa tisa akaniambia, "Mama Asifiwe, moto uko tayari, kimbia utafute ndagala, lakini usikawie." Nikafunga mtoto mgongoni nikatoka kufuata hivyo visamaki. Njia ya sokoni inapita sine. Kuna njia nyingine ambayo haipiti. Nilichukua inayopita.

Redio alikuwa mlangoni na skafu shingoni. Alikuwa ameimba matangani usiku tatu mfululizo na sauti yote imebaki huko. Ndani watu wamejaa, wengine wametembea kutoka Rugenge kwa ajili ya filamu mpya ya shujaa, na walikuwa wanapiga mabenchi kwa viatu.

"Dada," akasema kwa sauti ya pumzi tu, "weye unaijua. Jana uliitazama yote kwenye telefone yangu."

(Kweli, huwa ananionyesha kwanza nimsaidie Kiingereza, kile kidogo cha shuleni.)

"Minye niko naenda kununua ndagala."

"Ndagala zimeshakufa, zitakungojea. Shika mikro dakika kumi, nitafute tangawizi."

Nikasema dakika kumi. Hilo ndilo neno. Kama ningesema hapana, leo ningekuwa mtu wa kawaida.

Nikakaa, nikashika mikro, mtoto mgongoni amelala. Nilianza kwa aibu, nikisema polepole kama nasoma barua ya serikali, na mzee mmoja akauliza, "Redio amekuwa lini mwanamke?" Wakacheka. Kisha ikafika pale shujaa anapotoka kwa dirisha, na mke amesimama na mtoto mikononi. Katika filamu yenyewe yule mke anaambiwa aseme kitu kimoja tu, kwamba mume ajitunze. Hicho tu. Mimi nikamsemea, "Unaenda? Nenda. Lakini kabla ya kuokoa dunia uchote maji, bidoni liko tupu. Na ukirudi usiniulize chakula, uulize hiyo dunia yako."

Jamani, sine ilipasuka. Wanawake wawili waliokuwa wanauza avoka nje wakaingiza vichwa kwenye pazia. Mtu akasema, "Mama, endelea hivyohivyo," na mimi damu ikapanda, nikasimama kabisa, nikawa nasema na mkono. Shujaa akipigwa angani namuuliza kama sasa anamkumbuka mke wake. Majeshi yakikimbia nayaambia yapite Kasenga polepole, kuna matope. Sijawahi kufurahi vile tangu harusi, na harusini viatu vilinibana. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita. Tangawizi gani inatafutwa muda wote huo sijui, wala sikuuliza.

Ndipo akaingia adui. Redio alikuwa amempa jina la Mama Giza tangu kwenye ubao wa nje: malkia mzee kutoka sayari nyingine, nywele nyeupe, fimbo mkononi, anayekula mwanga wa nyota. Anaingia kwenye jahazi lake la angani, polepole, anakwenda moja kwa moja kwenye chungu kikubwa cha chuma ambamo mwanga unachemka, anainua kifuniko, anachovya kidole, anaonja.

Niambieni nani angejizuia.

"Chumvi ya dunia hii," nikasema kwa ile sauti ya kufunga macho, "iko kali."

Walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Malkia akageukia watumishi wake kwa hasira, nikamsemea, "Nani amekunja nepi hizi? Kwetu Kiringye hatukunji vile." Nilitaja Kiringye. Kwa kinywa changu. Na kwa kuwa watu walikuwa wanalia kwa kicheko na mimi nimelewa kicheko chao, malkia aliponyoosha fimbo kuelekea dunia nikaongeza, "Nimekuja na mfuko wa mchele kumchukua mtoto wa mwanangu, yule mwanamke hajui hata kumshika."

Hilo mama mkwe hajawahi kulisema. Chumvi alisema. Nepi alikunja. Hilo la mwisho nilitunga mimi, kutoka kwenye hofu yangu mwenyewe.

Bafle lilikuwa nje. Avenue nzima ilikuwa imesimama. Na mama mkwe, aliyechoka kulinda moto usio na ndagala, alikuwa ametoka kunitafuta, akasikia sauti yangu inatoka juu ya mlango. Niliambiwa baadaye kwamba muuza avoka alimhimiza, "Ingia mama, ingia, huyo mama mukwe wa ndani iko mubaya sana."

Mimi niliona tu mwanga wa pazia likifunguliwa. Kicheko kikazimika kuanzia nyuma kuja mbele, benchi kwa benchi. "Yaya, bado kidogo," nikasema bila kugeuka, nikidhani Redio amerudi. Ndipo Asifiwe akaamka mgongoni, akamwona bibi yake, akamwita "Koko" karibu kabisa na mikro, na bafle likawatangazia watu wote.

Mama mkwe alitembea mpaka mbele. Mwanaume mmoja akampisha. Akakaa, akatandaza kitenge magotini, akaniangalia.

"Endelea, Mama Asifiwe," akasema. "Nataka nione huyu mama anakufa namna gani."

Mimi nilikuwa nimeitazama Ijumaa. Nilijua anavyokufa. Shujaa anamwinua na kumtumbukiza ndani ya chungu chake mwenyewe.

"Sasa," nikasema, na sauti imebaki kidogo kuliko ya Redio, "kijana… anamsaidia mama kuoga."

"Uongo," mtu akasema.

"Ni maji ya moto. Mama alikuwa amechoka na safari."

"Mbona analia?"

"Sabuni. Imeingia machoni."

Hakuna aliyecheka. Malkia akapasuka, mwanga ukajaa ukuta mzima, nami nikasema kwamba sasa amekuwa nyota na watu wote wanamshukuru kwa kazi yake nzuri. Hapo ndipo Redio akaingia na tangawizi yake mkononi, akanong'ona, "Wameipenda?"

Tulirudi nyumbani bila ndagala. Jioni alikunja vitenge vyake ndani ya mfuko, na kwa jinsi alivyokunja vizuri nilizidi kukasirika na kulia pamoja. Baba Asifiwe aliporudi alikuwa ameshasimuliwa na watu watatu njiani. Nikamwambia aongee na mama yake. Akasema, "Minye sikukuwepo, nilikuwa barabarani." Shujaa wangu huyo.

Jumapili baada ya misa nilipiga magoti. Nikasema, mama, nisamehe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Muntu akikutukana jikoni, anakuomba radhi jikoni. Weye ulinitukana kwa bafle. Uniombe radhi kwa bafle."

Saa nane sine ilijaa kuliko Jumamosi, na Redio hakuwa ameweka filamu yoyote. Nilishika mikro, nikasema: "Kufunua sufuria ni kweli. Chumvi alisema. Nepi anakunja. Hayo sitayakana. Lakini kwamba alikuja kuninyang'anya mtoto, huo ni uongo wangu. Aliacha mpunga wake shambani ili mimi nifanye kazi, na mimi nikamfanya adui wa dunia. Mama, nisamehe."

Mama mkwe akaja mbele, akachukua mikro, akaishika kama mwiko.

"Nimemusamehe," akasema. Watu wakaanza kupiga makofi, akawanyamazisha kwa mkono. "Lakini chumvi yake iko mingi kweli. Mukuje muonje."

Sikumbuki vizuri kilichofuata, nilikuwa nimejifunika uso na kitenge cha mtoto.

Jumatatu nilikwenda shuleni na mgongo mwepesi. Yeye alibaki na Asifiwe, na jioni nepi zote zilikuwa zimekunjwa kwa namna ya Kiringye, nikaziacha hivyohivyo. Nikiwa na neno naye sasa nalisema jikoni, saa ileile, likiwa dogo. Mikro sijashika tena na sitashika, hata Redio apoteze sauti mpaka Pasaka.

Ila kuna jambo. Mama mkwe ameonja filamu. Jumamosi iliyopita alitaka twende, tukakaa benchi la mbele, yeye, mimi na mtoto, na Redio sauti yake ilikuwa imerudi. Shujaa yuleyule akatoka kwa dirisha, mke akamwambia ajitunze, basi. Mama mkwe akainua kichwa.

"Weye Redio," akasema kwa nguvu, "huyu bibi wa shujaa mbona leo hasemi kitu? Bidoni limejaa?"

Sine nzima ikageuka kuniangalia. Nilimenya ndizi, nikampa mtoto, nikatazama mbele.