Kura ya Maoni Niliyoitunga Mwenyewe

Mwaka ule Wafaransa walichagua rais wao katikati ya Ramadhani, na fleti yetu ya Lidcombe, hapa Sydney, ikageuka tume ya uchaguzi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga Ufaransa. Mimi, binti wa darasa la kumi, nilisoma Kifaransa shuleni kwa sababu somo jingine lililobaki lilikuwa useremala. Lakini tulikuwa tumetoka kufungiwa ndani na korona, miezi mizima hakuna kutembeleana, kwa hiyo milango ilipofunguliwa watu walikuja futari na maneno yote waliyoyaweka akiba.

Wachambuzi walikuwa wawili. Wa kwanza mjomba wangu, mtu wa Tanga, anayepanga maboksi kwenye ghala huko Seven Hills. Elimu yake yote ya siasa ni swali moja: "Nani kaishika serikali?" Ukimjibu, anakutajia mshindi, anarudi kwenye tambi zake.

Wa pili alikuwa jirani wa ghorofa ya tatu, Mkongo wa Bukavu, tuliyemwita Papa. Papa ni Mkristo, hafungi, lakini kufuturu hakukosa hata siku moja. Adhana ya kwenye simu ya mama ikilia, yeye keshashika kijiko. Hoteli alimokuwa akifua mashuka ilimsimamisha wakati wa korona na haikumwita tena. Mkewe na watoto walikuwa bado kambini Uganda, makaratasi yao yamelala tangu mipaka ifungwe. Kwetu alikuwa na kiti chake, kile cha mikono, na alikuwa na Kifaransa chake. Ikitajwa Ufaransa, hata mjomba alinyamaza kidogo. Kidogo tu.

"Rais anarudi," mjomba alisema jioni moja. "Ana polisi, ana televisheni, ana watu wa kuhesabu. Atashindwaje?"

"Ufaransa si Tanga, ndugu yangu. Kule kura wanahesabu ya kweli."

"Haya, bwana wa kura za kweli, tutajie mshindi."

Papa akapangusa midomo. "Sisemi kama sijasoma. Nipe siku mbili."

Hapo ndipo shetani, ambaye mwezi ule tunaambiwa kafungwa, alipoazima simu yangu. Niliandika kwa Kifaransa: utafiti wa chuo fulani, nilichokibuni, wananchi waliohojiwa, niliowabuni, na yule mama aliyebaki na rais kwenye mzunguko wa pili anaongoza kwa mbali. Nikaweka na mchoro wa rangi, maana mchoro wa rangi hauulizwi maswali. Nikautupa kwenye kundi la familia la kwenye simu, ambamo Papa naye yumo, bila maelezo, kama tulivyotumiana dawa za korona za vitunguu na tangawizi: imetoka wapi hakuna ajuaye, wewe mpelekee mwenzio.

Nilitaka mjomba aumwe kichwa. Nilichosahau ni kwamba mjomba hajui Kifaransa, na mama hajui. Katika kundi zima mwenye uwezo wa kuusoma ule upuuzi alikuwa mtu mmoja, na huyo aliusoma mpaka mwisho.

Kesho yake alikuja ameuchapisha maktaba ya Bankstown, ameutia kwenye mfuko wa nailoni usishike mafuta.

"Mama ile anashinda," alitangaza. "Hii ni chuo imesema, si maneno ya barabarani."

"Na ukikosea?" mjomba aliuliza.

"Sikosei."

"Kamari haramu, kwa hiyo hatuwekeani kitu. Ila ukikosea, kiti hicho changu, na wewe utafuturu huko juu kwako, peke yako."

Tukacheka. Papa alicheka wa mwisho, baada ya kumtazama mjomba usoni kwanza. "Nimekubali."

Ningeweza kusema palepale. Mdomo ulikuwa umejaa kaimati, nikaendelea kutafuna.

Jumatatu, tukila daku, simu ya mjomba ikaleta matokeo: rais karudi, tena hakubahatisha. Mjomba akapiga meza. "Nilisema! Serikali ni serikali!" Alipata jibu sahihi kwa hesabu za kijinga, na ndiyo maana mpaka leo hajifunzi kitu.

Magharibi ilipoingia, Papa hakutokea. Alimtumia mama ujumbe: amepima, ana korona, siku saba hashuki. Mama akanipa sahani. "Iweke mlangoni, ubishe, ukimbie."

Nilibisha, sikukimbia. Alifungua, barakoa iko kidevuni. Nyuma yake mezani nilikiona kipimo: mstari mmoja. Hata mimi ninayefeli sayansi najua maana ya mstari mmoja.

"Papa, huumwi wewe."

"Naumwa, mama. Kaa mbali."

"Ule utafiti niliutunga mimi."

Akanitazama. "Na chuo?"

"Hakipo."

"Na watu wenye waliulizwa?"

"Hawapo."

"Nililipia rangi," alisema polepole. "Kule maktaba, rangi ni bei."

Nilicheka, wallahi bila kukusudia. Yeye hakucheka. "Hapa Sydney watu wananiuliza kitu moja tu," alisema. "Ufaransa. Basi."

Nikashuka, nikawaeleza wote. Mjomba alikuwa ameshakalia kile kiti cha mikono. "Kwa hiyo nimemshinda binti wa darasa la kumi?" Akanyanyuka kama aliyekalia msumari. Mama hakupandisha sauti, na hiyo kwa mama ndiyo hatari yenyewe.

"Kamwite Papa ashuke, umwombe radhi hapa."

Ashuke vipi, mgonjwa wa mstari mmoja? Wangejua kilichomfungia juu ni aibu.

"Ana korona kweli, mama. Kipimo nimekiona."

Uongo huo wa pili siujutii. Ulinigharimu ngazi za ghorofa tatu siku saba mfululizo, na kila siku nilikaa kwenye ngazi ya juu nikafuturu na yeye, mlango ukiwa katikati yetu.

Siku ya nne aliuliza kutoka ndani, "Na hii uchaguzi ya hapa Australia, ya mwezi ujao, shuleni wanasema nani?"

"Mimi sijui kitu, Papa."

Nikasikia kijiko kikikwangua sahani.

"Hiyo ya 'sijui kitu' nayo andika kwenye kundi," alisema. "Kwa Kifaransa. Na usisahau rangi."