Kalvati la Kwanza

Ipo siku moja isiyonitoka, mwanangu, na kwa kuwa sasa umepewa kazi ya kusimamia mikataba ya barabara, kama niliyoifanya mimi serikalini, nitakusimulia. Nilikuwa nimesimama juu ya kalvati jipya, yaani kidaraja cha zege cha kupitishia maji, kwenye ile barabara ya changarawe inayopanda kutoka Tengeru kuelekea mlimani. Kwa macho lilipendeza. Nilipolikwangua kwa ncha ya ufunguo wa gari, zege likamomonyoka. Saruji ilikuwa kidogo mno, na mkandarasi alikuwa kando yangu ananitazama.

Angekuwa mtu baki, nisingekuwa na hadithi ya kukupa. Lakini huyu alikuwa Mzee Anaeli; yeye na mkewe ndio waliokuwa wasimamizi wetu wa ndoa. Walisimama nasi kanisani, wakatufunda. Mwaka wa kwanza mke wangu aliporudi kwao Maji ya Chai kwa hasira (nilistahili, usiulize), ni Mzee Anaeli aliyevaa koti lake akaenda kumwomba arudi. Wazazi wangu walishatangulia, kwa hiyo nilipomwita baba sikuwa najipendekeza.

Zabuni aliishinda kihalali, mimi sikuwemo hata kwenye kamati. Ila nilipopangiwa kusimamia mkataba wake, nilipaswa kwenda kwa bosi kuomba apewe mwingine. Sikuenda. Nilifurahi, mwanangu! Niliona tutakuwa tunaonana kila wiki.

"Vipi mhandisi, tumepatia?" akaniuliza pale juu ya kalvati.

"Mko vizuri, baba," nikamjibu.

Ningemwambiaje? Mtu amekurudishia mke, unaanzia wapi kumwambia zege lake ni bovu? Nikajipa moyo kwamba makalvati yanayofuata yatakuwa bora. Hayakuwa. Na kila nilipofika saiti niliona ugumu wa kusema umeongezeka, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikusema mwanzo.

Masika yakafika. Unajua maji ya Meru yanavyoshuka na mawe. Kalvati la kwanza likaenda na maji, mengine yakafuata, na watu wa huko juu wakabaki na ndizi na maziwa yao bila njia ya kufika sokoni. Ofisi ikatuma wapimaji, na kila walipotoboa wakakuta zege bovu. Mkataba ukavunjwa. Barua ya kuuvunja niliiandika mimi, na haikuwa na neno la uongo ndani yake.

Mzee Anaeli akaja nyumbani. Mke wangu akaleta chai, mzee hakuigusa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lile kalvati la kwanza, ulijua ni bovu?"

"Nilijua, baba."

"Mimi sikuwa na hakika. Mgongo ulikuwa unanisumbua, kazi nikamwachia nyapara, kumbe saruji anaiuza. Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa na wasiwasi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuheshimu, baba."

"Hapana. Uliona haya, ukaiita heshima. Ungesema siku ile ningebomoa kalvati moja, ningemfukuza yule mwizi, tungeendelea. Barua yako sina ugomvi nayo, ni kazi yako. Lakini siku ile juu ya kalvati sikumuuliza mtu wa serikali. Nilimuuliza mwanangu."

Akachukua kofia yake akaondoka. Lori lake aliliuza, kampuni yake ikafa. Kanisani akahamia ibada ya kwanza, kwa kuwa alijua sisi tunasali ya pili. Tulipokwenda kwake mkewe alitupokea vizuri, ila mzee kila mara alikuwa "amepumzika". Miaka ikapita hivyo hivyo, tukabatiza watoto bila yeye. Nilipopata ujasiri wa kumwomba mchungaji atupatanishe, mzee alishalazwa na hakuwa anamtambua mtu. Tukamzika. Nililia pale msibani mpaka wageni wakanipa pole wakidhani mimi ni mtoto wake wa kumzaa, na hilo liliniumiza kuliko yote.

Basi sikia. Mkandarasi akiwa ndugu yako, au mtu unayekula mezani kwake, nenda kwa bosi wako kabla hujakanyaga saiti, umwombe akupangie kazi nyingine. Watakucheka kidogo, waache wacheke. Lakini hata akiwa mtu usiyemjua, ukiona kosa mwambie siku hiyo hiyo, uso kwa uso na kwa adabu, wakati bado anaweza kulirekebisha. Barua ifuate baadaye. Usimwonee mtu haya ukadhani ndiyo kumpenda. Anayekuuliza "tumepatia?" mara nyingine ameshaogopa, anakuomba umsaidie, na wewe ukimjibu kwa tabasamu unamwacha peke yake na hofu yake. Mimi nilimwacha baba yangu hivyo.

Mungu akulinde katika safari zako zote za kazi. Akupe ujasiri wa kusema ukweli mapema, na upole wa kuusema. Akupe wazee wa kukupenda kama nilivyopendwa mimi, na siku utakapowazika, akujalie uwe umeshazungumza nao.