Siku Wanjala Aliitika

Kabla useme huu ni uongo, tafuta Abdalla umuulize. Yeye ndiye alihesabu vichwa. Mimi sijui kutunga. Hata insha shuleni nilikuwa napata alama kidogo, mwalimu anasema naandika tu kile nimeona. Basi hii niliiona. Niliiandika kwa daftari jioni hiyo hiyo, na sasa naitoa vile ilikuwa, haraka haraka, kwa sababu sipendi mtu wa kuzungusha maneno.

Naitwa Nanjala. Shika hiyo kwanza.

Kwetu Bungoma mtoto akizaliwa wakati wa njaa, akiwa msichana ni Nanjala, akiwa kijana ni Wanjala. Lakini mimi nilizaliwa mahindi ikiwa imejaa mpaka jikoni. Jina nilipewa na baba juu ya ndugu yake, Wanjala, ambaye alitoka nyumbani Sirisia akaenda Kitale kutafuta kazi na hakurudi. Hakuna barua, hakuna habari, hakuna maiti. Baba aliona miaka imeenda, akasema wacha jina isipotee. Kukhu, yaani nyanya yangu, alikataa kabisa. Kwetu jina ya mtu inapewa mtoto wakati huyo mtu ameshakufa. Sasa yeye akiniita Nanjala si ni kama amekubali kijana yake amekufa? Kwa hivyo hakuwahi kuniita jina. Tangu nizaliwe alikuwa ananiita tu "mukhana", msichana. "Mukhana, leta maji." "Mukhana, funga kuku." Na kila jioni alikuwa anaweka sahani moja ya ugali ikiwa imefunikwa, ya Wanjala.

Mimi nimekua na hiyo. Unadhani haiumi?

Nikamaliza form four, nikakaa, nikachoka kukaa. Nikapata kazi Kitale kwa stoo ya mahindi. Tunaanika, tunachagua mbovu, tunashona magunia. Mwenye stoo ni Mama Ciku, mama Mkikuyu ambaye wazazi wake walikuja Trans-Nzoia zamani wakalima wakabaki. Mama mzuri, sina mabaya juu yake. Lakini siku ya kwanza aliniuliza jina, nikamwambia, akaandika kwa kitabu, akasoma kwa sauti: "Wanjala."

"Hapana mama. Nanjala."

"Si ni hiyo tu?"

"Hiyo ni ya mwanaume."

Alinicheka. "Ya mwanaume wapi! Wanjiru ni msichana. Wambui ni msichana. Wangari, Wanjiku, wote wasichana. Sasa Wanjala atakuwa mwanaume aje? Wewe usinifundishe majina."

Wote wakacheka. Kutoka hapo nikawa Wanjala. Wanjala leta sindano, Wanjala uko wapi, Wanjala njoo ukunywe chai. Nilirekebisha mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nikachoka, nikaanza kuitika. Hapo ndipo nilikosea, na nitarudi kwa hiyo.

Sasa kuna sheria moja ya hiyo stoo lazima uijue. Mahindi ikijaa inawekwa dawa ya kuua dudu, vidonge fulani ambayo inatoa moshi huwezi kuona. Stoo inafungwa siku kadhaa, hata panya haitoki mzima. Kabla mlango ifungwe, Mama Ciku anasimama hapo na kitabu anaita kila jina, na wewe unaitika, "Niko!" Jina moja isipoitikiwa, mlango haifungwi. Abdalla, mzee wa dawa, alinieleza sababu nikiwa bado mgeni.

"Zamani, kabla huyu mama anunue hii stoo, kuna kibarua alifungiwa ndani," alisema. "Kijana wa kutoka huko kwenu chini. Alilala nyuma ya magunia. Na hakuna mtu alikuwa amejua hata jina yake, binti yangu. Walimzika hivyo hivyo."

Nilisikia, nikasema pole, nikaendelea kushona. Kwani ningejua?

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mchana, saa nane hivi, na mvua ya Kitale unaijua, haiombi ruhusa. Asubuhi nilikuwa nimeandika kwa daftari: *Leo sitaitika Wanjala. Mpaka aseme jina yangu.* Niliweka mstari chini.

Tulikuwa vibarua saba. Abdalla akaweka dawa, akaanzia nyuma akimalizia mbele, akatoka kunawa mikono kwa tanki. Sisi tumesimama nje kwa mvua, kila mtu amekunja gunia amevaa kichwani kama kofia, ile ya kufunika mpaka mabega. Hapo nikakumbuka daftari. Niliiacha nyuma kabisa, juu ya magunia, ile kona sisi hukaa kula. Ikae na hiyo sumu siku hizo zote? Na vile nimeandika watu humo? Nikaingia mbio, hakuna aliniona, kila mtu gunia imemfunika macho. Nilijua nina dakika mbili. Ndio, ni ujinga. Usinihubirie, Mama Ciku alishanihubiria.

Nikiwa kwa kona, mkono iko kwa daftari, nikasikia Mama Ciku ameanza kuita. Jina ya kwanza, niko. Ya pili, niko. Halafu:

"Wanjala!"

Nikanyamaza. Nakwambia ukweli, nilinyamaza kwa makusudi. Niliwaza, si sheria ni sheria? Nisipoitika mlango haifungwi. Wacha aite mpaka achoke, aulize "Nanjala yuko wapi", ndio nitoke. Nilikuwa hata natabasamu.

"Wanjala!"

Na mtu akaitika.

"Niko, mama."

Sauti ya mwanaume, nzito, ya mtu ameamka saa hiyo. Ilitoka huko nje kwa mvua. Mama akaita jina zilizobaki, wakaitika, na nikasikia mlango wa chuma ikija. Tii. Giza.

Nilipiga kelele. Lakini wewe umewahi kuwa chini ya mabati mvua ikinyesha? Hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nikakimbia kwa mlango nikagonga na ngumi, na walikuwa tayari wanapaka matope kwa nyufa, na harufu imeanza, kama kitunguu saumu imeoza. Nikarudi nyuma kwa kona. Nikakaa chini nikasema basi.

"Nanjala."

Kwa hiyo stoo hakuna mtu alikuwa amewahi kuniita hivyo. Hata mmoja.

Alikuwa amekaa juu ya magunia hapo mbele yangu, mahali nilikuwa nimetoka kuchukua daftari. Kulikuwa na mwanga kidogo ya juu, pale mabati imetoboka. Kijana. Gunia yake ya kichwani ilikuwa ya katani, ile ya zamani, sisi siku hizi tunatumia ya plastiki. Ilikuwa imelowa chapachapa, lakini chini yake hakukuwa na tone hata moja. Niliangalia masikio. Masikio ya baba yangu, yamesimama hivyo hivyo.

Utasema nilizimia. Sikuzimia. Nilikuwa nimetulia kuliko vile nimetulia saa hii nikiandika.

"Nisamehe," akasema. "Niliitwa, nikaitika. Sikujua uko ndani. Wewe ukikaa miaka yote hakuna mtu anakuita, siku moja usikie jina yako, ungefanya nini?"

Hata mimi ningeitika. Kwani wewe ungenyamaza?

"Sogeza hizi mbili za chini," akasema, akionyesha magunia kwa kona. "Nyuma kuna mlango ndogo ya kupitishia magunia. Ni matope tu imeishikilia. Mimi niliijua nikiwa nimechelewa."

Nilivuta hayo magunia nusura mgongo ikatike. Yeye hakunisaidia, nafikiri hangeweza. Kweli kulikuwa na mbao, fupi, ya mtu kupita akitambaa. Nikapiga teke. Teke ya tatu ikatoka, na hewa ya mvua ikaingia.

"Twende," nikamwambia. Unaona nilivyokuwa? Nikamwambia twende, kama tunaenda kwa hoteli ya chai.

Akatingisha kichwa. "Mimi naenda na mtu ananiita nyumbani, si mtu ananiita kazi. Mwambie mama yangu, huyo Kukhu yako. Akikataa kuamini, mwambie ile jogoo nyekundu haikuibwa na jirani yake mama Khaemba. Nilibeba mimi, nikauza nipate nauli. Mwambie aache kumnunia huyo mama."

Nikatoka kwa hiyo shimo na tumbo, daftari kwa meno.

Nilipozunguka mbele, wote walikuwa bado wamesimama na magunia kichwani. Mama Ciku aliponiona nikija kutoka nyuma, nimejaa matope, alidondosha funguo.

"Wanjala! Si umeitika ukiwa hapa? Sauti imekwama, nikadhani una homa!"

 Abdalla alianza kuhesabu na kidole. Alikuwa amehesabu saba wakati mlango inafungwa, huyo wa saba akiwa amesimama pembeni ya tanki. Sasa akahesabu sita, na mimi ndio saba. Akaangalia hapo kwa tanki. Akavua kofia yake akaanza kuomba kwa Kiarabu, pole pole. Mama Ciku naye alifunga shimo kwa mikono yake mwenyewe, hakutuma mtu.

Jumapili nikaenda Sirisia. Kukhu alikuwa anakata mboga ya sukuma. Nilimweleza yote, na hakuinua macho. Aliendelea kukata tu. Nikasema stoo, nikasema gunia ya katani, nikasema masikio. Anakata.

"Mukhana," akasema mwisho, "hiyo kazi imekuchosha kichwa."

"Amesema jogoo nyekundu alibeba yeye."

Kisu ikasimama.

Hiyo jogoo sijawahi kuiona, ilipotea kabla nizaliwe. Nilijua tu Kukhu na mama Khaemba wa boma ya chini hawasalimiani, hata kanisani mmoja anakaa upande huu mwingine upande ule. Sikuwahi kuambiwa sababu. Na baba, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema polepole, "Mama, hakuna mtu amewahi kumwambia mtoto hiyo maneno."

Kukhu aliweka kisu chini. Halafu, amini usiamini, alicheka. "Huyo kijana!" akasema. "Huyo kijana! Na nilimwita huyo mama mwizi mbele ya watu wote." Alicheka mpaka machozi, halafu ikabaki machozi peke yake. Jioni aliteremka kwa mama Khaemba na kuku chini ya mkono. Hiyo jioni hakufunika sahani.

Siku ya kufungua stoo alikuja Kitale, yeye na baba. Mama Ciku alikuwa amengoja. Abdalla alifungua mlango wote, wakangoja hewa itoke. Tukasimama nje. Hakukuwa na mvua, jua tu na kuku za watu. Kukhu alivua viatu, akasimama pale mlangoni, akaita kama mtu anaita kijana yake kutoka shamba chakula ikiwa tayari.

"Wanjala! Twende nyumbani."

Sikusikia kitu. Abdalla anasema alisikia. Mimi niliona tu vumbi ya mahindi kwa mwanga wa mlango ikifunguka katikati, kama mtu amepita, ikarudi. Kukhu akageuka.  Alinyoosha mkono kwa upande wangu.

"Nanjala," akasema. "Nishike."

Miaka kumi na tisa. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikasema, "Niko, Kukhu," nikamshika.

Tulimzika nyumbani. Kwa sababu hakuna mtu alijua ile kaburi ya Kitale iko wapi, baba alikata mgomba, wakaufunga na koti yake ya zamani, wakauweka kwa kaburi vile inafaa, na mzee wa kanisa akaomba. Mama Khaemba ndiye alipika.

Mimi niko bado kwa stoo. Mama Ciku alifuta hiyo Wanjala kwa kitabu na kalamu nyekundu, na sasa ananiita Nanjala vizuri sana, wakati mwingine mara mbili kuwa na uhakika. Jalada ya daftari yangu bado iko na alama ya maji, vidole vinne, vikubwa kuliko vyangu. Nimeianika, nimeiweka kwa jua, haikauki. Na wiki jana kabla ya dawa mama alijisahau, ulimi ikateleza, akaita, "Wanjala!"  Sisi wote tukasikiza. Hakuna mtu aliitika. Nilifurahi, na bado nilitaka kulia, sijui kwa nini.

Sasa wewe unayesoma, labda umeanza kazi juzi, na kuna bosi anakuita jina nusu, ama jina ingine, na unasema wacha tu, si anamaanisha mimi. Usiseme wacha. Sema jina yako siku ya kwanza na uirudie mpaka ishike, hata wakucheke. Usiitike ile si yako, na usinyamaze kwa hasira kama mimi. Hiyo jina ingine iko na mwenyewe. Na huwezi jua amekaa wapi, amengoja kuitwa miaka ngapi.

Mimi ni Nanjala. Nimeandika.