Mashine Tuliyoigawana Kama Nyama

Nakumbuka, mwanangu, siku tuliyokusanyika Nyamwaga kugawana vitu vya baba mkubwa Marwa, wiki chache baada ya kumzika. Ng'ombe hawakutusumbua, ng'ombe tunajua kuwagawa. Kilichotushinda ni chumba cha mashine zake kuukuu: vyerehani, redio za mbao, taipureta, vitu alivyookota maisha yake yote toka Musoma hadi Sirari, akivipaka mafuta kila Jumamosi.

Katikati ilikuwepo moja ya chuma, yenye gurudumu zito, mdomo juu na meno ndani. Hakuna aliyeijua. Mmoja alisema inasokota kamba, mwingine inasaga mifupa. Mimi niliichungulia mpaka pua ikawa nyeusi kwa grisi. Kila nyumba iliitaka. Basi mimi, kijana niliyejiona nina akili kuliko wote, nikasema tuifungue, kila nyumba ipate kipande, kama tunavyogawana nyama. Wakanisifu. Nikaondoka na mkono wake wa kuzungushia, nimefurahi kweli. Usicheke.

Mama mkubwa Bhoke, mjane wake, alikuwa jikoni akitupikia ugali. Hakuna aliyemwita.

Baada ya mavuno nilipita kumwamkia. Nilimkuta kwenye rundo la mahindi, anapukuchua kwa vidole, kidole gumba amekifunga kitambaa. Nikamwambia bado najiuliza ile mashine ilikuwa ya kazi gani.

"Ya kupukuchua mahindi, mura, kijana wangu," alisema bila kuinua macho. "Marehemu alinitengenezea mimi. Tuliijaribu mara moja tu, akaanza kuumwa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Mliniuliza?"

Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha. Nilikwenda kwa ndugu zetu wa Kisaka na Kenyamonta kutafuta vile vipande. Kimoja kilikuwa kigingi cha mbuzi, vingine vilishabebwa na watu wa chuma chakavu. Majuto ni mjukuu. Nilirudi kwake, nikakaa chini, tukapukuchua pamoja.

Sasa nasikia na ninyi mnataka kugawana vitu vya babu yenu. Sawa, ni haki yenu. Lakini kuuliza si ujinga. Kabla hamjalegeza hata nati moja, mwiteni bibi yenu kutoka jikoni, aketi, awaambie kila kitu kilikuwa cha kazi gani, na kilikuwa cha nani. Chukua huu mkono wa chuma, uuweke katikati ya kikao chenu. Mungu awape masikio, mwanangu, ndipo aibariki mikono yenu.