Bando la Wanawake Wanne na Picha Isiyofunguka

Saa saba mchana, Mugoma. Majembe yamelazwa kando ya shamba la maharage, na wanawake wanne wamebanana chini ya migomba, kila mmoja na simu yake mkononi. Bando ni moja tu. Limo kwenye simu ya Bonifasia, naye anawarushia wenzake kwa zamu, dakika kumi kumi. Anayezidisha anasemwa.

Leo anaanza Domisiana Nshimirimana, kibarua wa miaka arobaini na moja. Wenzake wamempisha kwa sababu wanajua anachotafuta. Ameishika simu kwa ncha za vidole.

"Shika vizuri, mdogo wangu, isije ikaanguka," Bonifasia anamwambia.

Domisiana alizaliwa ng'ambo, Burundi, akaolewa huku Ngara zamani. Mwaka 2015 wakimbizi walipoanza kumiminika, mama yake, Kezia, naye alivuka. Binti alipofika mpakani, mabasi yalishaondoka na watu kwenda makambini. Huu mwaka wa tatu, hajui kama mama yake yu hai.

Tumaini likabaki kwenye simu. Lakini intaneti inakula, na kibarua hulipwa shilingi elfu mbili na mia tano kwa siku, tena siku ambayo kazi ipo. Telesfori, fundi anayechaji simu za watu pale senta, akampa ujanja: zima picha zisijifungue zenyewe, soma maandishi tu, na bando la mia tano utalivuta siku nyingi.

"Nilimshukuru sana," Domisiana anasema. "Kumbe nilikuwa najifunga mwenyewe."

Aprili mwaka huu uliingia ujumbe wa Ndikuriyo, jirani yao wa zamani, aliyekuwa kambini huko Kibondo. "Kuna mukecuru hapa, bibi wa watu, hana ndugu na hasemi na mtu. Anafanana na mama yako. Angalia picha uniambie." Chini yake palikuwa na picha, ukungu mtupu. Bando likaishia hapo hapo.

Aliweka vocha ya elfu moja, akapanda kilimani kutafuta mtandao. Mugoma kila mtu anajua: ukikaribia mpaka, simu inahamia minara ya Burundi bila hata kubisha hodi, na salio linayeyuka. Kwa papara alisahau kuifunga simu kwenye mtandao wa nyumbani. Elfu moja ikaliwa yote, picha haijafunguka.

Zikaja mvua. Vibarua vikakatika, na wenye mashamba wakawa wanalipa kwa maharage. Lakini Domisiana hataki kuisingizia mvua.

"Si hela tu," anasema akitazama chini. "Mia tano ningekopa. Niliogopa. Nikifungua nikakuta si yeye, nabaki na nini? Nikajua picha ikishafika ni yangu, kama barua. Itanisubiri."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki zilipita sita. Ndipo wenzake walipobuni hili la kuchanga mia tano tano, wakanunua bando la wiki na kugawana. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote walizojaribu, na ilichelewa.

Anabonyeza. Duara linazunguka, linazunguka, linasimama. Maandishi yanatokea, naye hathubutu kuyasoma, anampa Bonifasia amsomee.

"Wanasema picha imekaa mno bila kufunguliwa, haipo tena," Bonifasia anasema polepole. "Umwombe aliyetuma aitume upya."

Anapiga. Namba ya Ndikuriyo haipatikani. Speciosa, mmoja wa wale wanne, anasema kwa sauti ya chini kwamba alisikia Ndikuriyo kapanda malori ya waliojiandikisha kurudi Burundi. Hakuna anayedai zamu yake. Domisiana analia, anajifuta kwa kanga, kisha anachukua jembe kwa sababu mistari yake bado haijaisha.

Jioni anasema hatachangia bando tena. Mia tano zake ataziweka kwa ajili ya nauli. Maharage yakishavunwa atakwenda Kibondo mwenyewe, aombe kuruhusiwa kuingia, amtafute bibi asiyesema na mtu.

Na akikuta si mama yake?

Anakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Nitamwambia shikamoo, nikae naye kidogo," anasema. "Huyo naye ana mtoto mahali anayemtafuta kama mimi."